Milango Tuliyosomea

"Weye iko na diplome, lakini hata ubao hautapata," aliniambia fundi mmoja mstaafu wa kambi ya Panda, mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, mbele ya watu, wiki niliyorudi kutoka ng'ambo. Jirani yake akaongeza: "Bamwalimu wenyewe banavua samaki ku ziwa Tshangalele, papa. Miye nakupa mwezi moja."

Hawakujua wanasema na nani. Nilisoma kwa jasho langu, bila mjomba mkubwa. Kiwanda kilikuwa kinazimika, mishahara ya walimu ilikuwa ahadi tu, na watoto wa darasa la pili hawakuweza kusoma jina la mama yao. Nikasema nitawafundisha, na nitaandaa wasichana watatu wa kufundisha baada yangu.

Ubao nilikopa. Nyumba kwa nyumba niliomba milango ya vyumba vya ndani. Wenyewe wakatundika pazia. Mimi na wale wasichana watatu tuliipaka unga mweusi wa betri zilizokufa, uliokorogwa na maji ya sombe, majani ya muhogo, tukaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Chaki tulichonga kwa muhogo mkavu. Watoto waliila. Nikigeuka, nakuta herufi imelambwa.

Kila msichana alikuwa na mlango wake. Niliwakataza kuimbisha silabi kama kwaya, jinsi sisi tulivyofundishwa. Mtoto ataje kwanza kitu cha nyumbani, maji au moto, ndipo tukiandike, naye apitishe kidole kwenye kila sauti. Njia hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nayo mjini. Aliyeishika vizuri kuliko wote ni binti wa mama muuza makaa, yule aliyenikopesha mlango wa kwanza. Nilikusudia kumwachia shule. Watoto aliowafundisha walisoma vibao vya maduka njiani, na yule fundi mstaafu akamleta mjukuu bila kunitazama usoni.

Kisha ikaanza kusemwa kwamba wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, warudi kwao. Ukoo wa binti yule ulitoka huko, lakini yeye alizaliwa Panda, na mama yake vilevile. Fundi akaja ukutani.

"Ule asimufundishe tena mujukuu yangu."

"Ndiye alimufundisha kusoma, papa."

"Basi, mutoto amekwisha kujua."

Binti na mama yake walitolewa nyumbani mwao, wakaenda kulala stesheni pamoja na wengine, kungoja treni. Nusu ya wanafunzi wangu walikuwa huko. Wasichana wawili waliobaki waliogopa kuja. Nikaosha milango, nikamrudishia kila mwenyewe wa kwake. Wa mwisho niliubeba kichwani hadi stesheni.

Mama muuza makaa alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, wajukuu wake wamemzunguka. Binti aliuliza kama imebaki chaki. Haikubaki.

"Mama, nimeleta mulango yako. Nilisema nitarudisha."

Aliutazama, akagusa bawaba zake. "Aksanti, mwalimu. Nitaupachika wapi?"

Akaulaza juu ya kokoto, akawapanga wajukuu wake walale. Nilirudi Panda bila kudaiwa na mtu.