Majani ya Mwambani

Niliolewa Kisaka miaka ya hamsini, nikitokea Itiryo, kwenye vilima vya mvua. Kwetu jani likikauka limekufa, na kazi yake ni kuwashia moto. Ndiyo maana kiangazi kile kikali, nilipoona juu ya mwamba nyuma ya boma vichaka vidogo vya majani meusi yaliyojikunja, niliving'oa vyote na mizizi yake, nikavitia jikoni. Viliwaka vizuri. Nikajiona mke hodari.

Siku mawingu ya kwanza yalipotanda, mama mkwe alipanda mwambani kutazama, akashuka polepole. Ndipo aliponieleza. Majani yale huwa hayafi. Mvua ikiyagusa, kesho yake yanafunguka mabichi. Yakijikunja tena kabla ya siku ya nne, mvua hiyo ni ya uongo, ardhi haijashiba. Yakidumu, unapanda ulezi. Alikuwa amepanda hivyo tangu alipoolewa.

“Mama, yameliwa na mbuzi,” nilisema kabla hajauliza.

Alinitazama. “Mbuzi wana njaa,” akasema, akaingia ndani.

Mume wangu alikuwa amewapeleka ng'ombe mbali, kutafuta maji. Tulibaki wawili, na mbegu ilikuwa kibuyu kimoja tu. Mvua ikanyesha siku mbili, vumbi likatulia. Mama mkwe alisimama mlangoni na kibuyu mkononi muda mrefu, akiutazama mwamba mtupu. Mwisho akasema tupande. Ulezi ukachipua, jua likarudi, ukaungua wote.

Akaenda kwa miguu, na magoti yake mabovu, kuomba mbegu kwa kaka zake. Huku nyuma wanawake kisimani walimcheka: mkulima mzima kadanganywa na manyunyu! Hakuwa amemwambia mtu habari za mwamba. Nami niliwasikia nikajaza mtungi wangu, nikanyamaza. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Alirudi siku ya tano. Nilimpokea kikapu, nikampa maji. Kabla hajatoa mbegu alitoa kifungu cha majani makavu, meusi, yenye mizizi na udongo wake, akaniwekea mikononi.

“Kapande mwambani, mwanangu,” alisema. “Haya mbuzi hawayali. Hata yale hawakuyala.”