Kona ya Leso Tatu

Jumapili iliyopita, nikitafuta habari ya gazeti, nilisimama kwenye kona moja kabla hujafika Londiani, pale basi lilipoangukia bondeni na abiria wake miaka michache iliyopita. Watu bado husimama hapo kutazama. Nilimkuta mfanyakazi wa kiwanda cha chai cha Kericho pamoja na mkewe. Hii ilikuwa mara yao ya tatu kuja.

Mume alikuwa akipima barabara kwa hatua. "Mwaka jana nilisema ni breki," akaniambia. "Leo nimeona vizuri. Hii ilikuwa spidi. Andika hiyo kwa gazeti."

Nikaandika, maana mwanamume akisimama kwenye kona hugeuka injinia.

Mkewe hakutazama bonde hata kidogo. Alikuwa ameketi na nyanya mmoja anayeuza viazi hapo kando, ambaye siku ile alifunika maiti kwa leso zake zote mpaka akabaki bila. Mke akatoa leso mpya kikapuni, akamfunika mabegani. "Gogo," akamwita, yaani nyanya kwa Kikalenjin, "hii ni ya tatu. Umekunywa chai?"

Nikamuuliza nyanya kama wageni wote huwa hivyo. Akacheka.

"Wanaume wanarudi kuuliza basi ilianguka aje. Wanawake wanarudi kuuliza mimi niko aje."

Nilitazama daftari langu: breki, spidi, hatua arobaini na mbili. Nikalifunga, nikamuuliza amelalaje na hii baridi.

"Haya," akasema, akinimiminia chai, "sasa hata wewe umefika."