Mke Mwenzangu Alikuwa Gari

Iko asubuhi moja ya huko Endarasha, nilikoolewa, ambayo haijanitoka, mwanangu. Niliamka nikitetemeka, nikapapasa kitandani, blanketi hakuna. Mume wangu naye hakuna. Nikajifunga leso nikatoka nje, umande umeganda juu ya nyasi, na hapo nikalikuta blanketi langu zito, lile mama alilonipa nilipotoka kwetu Othaya kuja kuolewa, limetandazwa juu ya boneti ya gari. Pembe zake zilikuwa zimekunjwa vizuri kama mtu anavyomfunika mtoto. Mwalimu Wachira, mume wangu, alikuwa amechuchumaa mbele yake akilibembeleza liwake.

Na gari lenyewe lilikuwa kitu gani? Lilikuwa dogo, rangi ya maziwa iliyokwisha kuchujuka, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na wazungu wa mashamba ya Kieni walikuwa wakiuza vitu vyao wapate kuondoka. Wachira alilinunua kwa mmoja wao, ambaye naye alikuwa amelinunua likiwa kuukuu. Stata yake haikupenda baridi, na kwetu baridi ilikuwa ya kila siku. Kwa hiyo alililaza juu ya mteremko nyuma ya nyumba, likitazama bondeni, na jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi aliondoa jiwe, akaliachia literemke, akatia gia. Likikubali, alikwenda shuleni kufundisha. Likikataa, aliita majirani waje kusukuma.

Majirani hao ndio waliolipa jina la Bibi Mdogo, yaani mke wa pili wa mwalimu. Mama Kariuki, wa boma la pili, hakunisalimu mtoni bila kuongeza lake. "Na mwenzako ameamkaje leo? Amekubali kutoka ama bado ako na hasira?" Wanawake wenzangu walicheka, nami nilicheka nao huku roho ikiniuma.

Nililionea wivu gari lile, na nalisema wazi. Wengine huona haya kusema jambo kama hilo, mimi sioni. Kila Jumamosi aliliosha kwa maji ya moto, maji niliyoyateka mimi na kuyachemsha kwa kuni zangu. Likikohoa kidogo, alijua ni plagi ipi. Mimi nilikohoa moshi wa jikoni msimu mzima wa mvua, akaniuliza kama chai iko tayari.

Baada ya kuliosha alikwenda nalo mjini Nyeri kutafuta vipuri kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka mtaa wa Majengo. Alirudi jioni na habari tele: nani amefungua hoteli, nani amefilisika, mlima ulivyoonekana ukiwa barabarani mapema. Mimi nikipata kupanda, nilipanda nyuma pamoja na kabeji, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mama mkwe. Siku ambayo mama mkwe hakuwepo, kilikaliwa na nesi wa dispensari aliyepewa lifti. Nesi yule hakuwa na neno na mtu. Alikuwa na viatu vizuri na haraka ya kufika kazini, basi, lakini mimi nilimchukia mpaka namna alivyofunga mlango.

Sasa asubuhi hiyo ya blanketi, gari lilikataa kabisa. Majirani walilisukuma mpaka wakachoka, wakalirudisha juu, na Wachira akalifunika tena, ati lipate joto mpaka jioni. Akalipapasa paa, akaenda zake kwa miguu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na hakuniaga.

Hapo nikasema yatosha. Niliingia ndani nikafunga nguo zangu kwenye shuka, nikauweka mzigo mlangoni. Nilikuwa nimeamua kulala Othaya kwa mama usiku huo, na sikuwa na nia ya kurudi. Yeye abaki na bibi yake wa mabati. Kilichobaki kilikuwa kulichukua blanketi langu.

Nililivuta, likakataa. Pindo lake lilikuwa limebanwa na mlango wa dereva. Nikaufungua mlango, nikalivuta, nikalitupa kiti cha pili, halafu, sijui hata leo ni kwa nini, nikakaa. Sikuwa nimewahi kukaa pale. Nikaushika usukani. Niliona bonde lote kupitia kioo kile, na mashamba ya viazi mpaka mwisho wa macho. Nikashuka, nikaondoa jiwe, nikaingia tena, nikaiachia breki ya mkono kama nilivyokuwa nikimwona akifanya.

Lilianza polepole. Kisha likashika mbio, mwanangu, nami nikiwa ndani. Nikauzungusha usukani kulia, likaenda kulia. Nikauzungusha kushoto, likanisikia. Tukapita katikati ya minji ya mama mkwe, zile njegere zake, tukaibwaga chini yote, tukaja kukwama kwenye tope la viazi. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama hapo na jembe lake.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana, Maitu," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Minji yangu imeumia." Akaiangalia, akaniangalia. "Sasa mimi nataka uniambie kitu moja. Si ati hii gari unaichukia?"

"Naichukia."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

Sikuwa nimejua kwamba nacheka. Akaniambia nilicheka tangu juu mpaka chini, na kwamba alisikia kicheko changu kabla hajaliona gari. Kisha akakaa juu ya bampa, akang'oa tope kwenye jembe kwa kidole gumba, akanisemesha bila kupandisha sauti.

"Mimi nilikuwa na mke mwenza wa ukweli, mtu na miguu yake. Wivu naijua. Hii yako si ya mtu amenyang'anywa bwana. Wewe unataka kuendesha. Hiyo mzigo nimeiona kwa mlango. Unaenda kufanya nini Othaya na kitu unataka iko hapa?"

Nikainama nikaokota kiazi kilichong'olewa na gurudumu.

"Kijana yangu ako na makosa yake, najua, mimi ndio nilimlea. Lakini wewe haujamwomba kitu akakunyima. Unanyamaza, unakasirika, unataka aote. Mwambie leo. Akikataa, hiyo mzigo nitakubebea mimi mwenyewe mpaka stendi."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli na yalitoka kwa mtu niliyedhani yuko upande wa mwanawe. Wachira aliporudi akaliona gari kwenye viazi, akalizunguka mara mbili. Nikamngoja akae, nikampa chakula chake, mama yake akiwa pale pale kwenye kigoda.

"Mwalimu, nifundishe kuendesha."

Alicheka. Kisha akaona mama yake hacheki. "Watu watasema nini, Wanjugu? Bibi ya mwalimu anaendesha?"

"Watasema ninaendesha."

"Na ikiharibika?"

"Iliharibika zamani. Tunaendesha ile imebaki."

Nikamwambia na la pili, na hilo lilitoka kwa shida zaidi. Nilimwambia nimechoka kukaa na kabeji, na kwamba kila asubuhi akilipapasa gari lile paa, mimi husimama mlangoni nikingoja mkono huo huo. Aliisukuma sahani pembeni. Akasema, "Hayo haujawahi kuniambia." Na kweli sikuwa nimewahi.

Alinifundisha kwenye uwanja wa shule, na kama mwalimu wa kuendesha alikuwa hafai. Alipiga kelele, akashika kichwa, akaililia klachi. Lakini nikajua kuendesha. Kabla ya mvua ndefu nilikwenda Othaya kumsalimia mama yangu, mimi kwenye usukani na mama mkwe pembeni akiwapungia mkono hata watu asiowajua. Tulipopita karibu na mto, nilipunguza mwendo kidogo ili Mama Kariuki aone vizuri. Jicho alilonitupia nililifurahia, sikufichi.

Kilichonishangaza ni Wachira. Mimi nikishika njia ya Nyeri siku za Jumamosi, yeye alibaki akilima viazi, na nikirudi nilimkuta barabarani amekunja mikono, na maswali yake tayari. Nani alikaa mbele? Mzee wa Majengo alisema nini hata ucheke? Mbona gia ya pili umeikwaruza pale kwenye kona, nimeisikia mpaka hapa? Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, wivu umemkalia kooni. Nilitaka kumcheka, maana siku zangu za wivu nilikuwa nimezilipia. Lakini Jumamosi moja, nikiwa nimekwisha kuliwasha, aliweka jembe chini katikati ya shamba na kusema kwa sauti ndogo, "Wanjugu, hata mimi nataka kwenda." Nikamngoja anawe mikono.

Mwanangu, watakuambia uung'oe wivu moyoni. Wangu sikuung'oa, na hata leo akipita mtu na gari jipya jicho langu humsindikiza mpaka apotee. Ila nilijifunza kuuliza wivu wangu unataka nini. Ukikushika, kaa nao kidogo kabla hujafunga nguo na kabla hujamchafulia mtu jina. Mara nyingi utaona kwamba huyo unayemkodolea macho hana hatia. Kuna kitu unakitamani, na hujamwambia yeyote. Basi kiseme, na ukiseme kwa anayeweza kukupa, usiwapelekee wanawake wa mtoni. Akikunyima, hapo utajua la kufanya, na hatakulaumu mtu. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kitu, ukamwona wako anakutazama vibaya, usimcheke. Huenda anangoja tu umwite mwende pamoja.

Mungu akupe mdomo wa kuomba na watu wenye masikio. Uendako ufike, mwanangu, na unakotoka wafurahi kukuona ukirudi.