Meno Yaliyotangulia Juu

Nina meno yangu yote isipokuwa gego moja, na binti yangu ana yake yote. Wanawake wenzangu wakiniuliza siri ni nini, huwaambia maji ya chumvi na mswaki. Si uwongo. Lakini aliyenitia adabu ya mswaki si mwalimu wala daktari. Miaka ile ya themanini, katika mji wa kale wa Malindi, nilimchukia mtu mmoja hata sikuwahi kulala bila ya kusafisha kinywa changu na cha mwanangu.

Mtu mwenyewe alikuwa shangazi wa mume wangu. Ndiye aliyemlea mume wangu mamake alipokufa, na nyumba tuliyokaa ilikuwa yake, kwa hivyo neno lake halikuwa na wa kulijibu. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Bofa, akija nyumbani siku yake ya mapumziko tu. Siku zilizobaki tulikuwa watatu: mimi, shangazi, na mtoto wangu wa kwanza, msichana, mnene, mwenye kucheka hata na ukuta.

Asubuhi moja wanawake wa jirani walikuwa wamekaa ukumbini, huyu ashona kofia, yule achambua mchele, na mtoto yuko mapajani mwangu akitafuna ncha ya buibui langu. Shangazi akasema, "Huyu aota meno. Hebu nimuone." Akamtia kidole mdomoni, kidole chekundu kwa tambuu, akapapasa. Halafu akakivuta kwa nguvu.

"Juu!" akasema. "Yametangulia juu! Enyi, njooni mtazame. Huyu mtoto ni kigego!"

Asiyejua na ajue. Kwetu mtoto hutakiwa aanze kuota meno ya chini. Yakianza ya juu aitwa kigego, na kigego, kwa maneno ya wakale, ni mkosi: huwala wazee wake, nyumba haikai salama. Hapo kale alitupwa. Siku zetu hapakuwa na mtu wa kutupa mtoto, na mashehe walikuwa wakikemea sana, lakini neno lenyewe halikufa. Na neno hilo likimshika mtoto wa kike humfuata hata siku ya kuposwa.

Shangazi akamfungua mwanangu mdomo kwa vidole viwili, akawaonyesha wale wanawake mmoja mmoja, kama mtu atazamaye mbuzi mnadani. Mtoto akalia. Wanawake wakasema "Audhubillahi!" na mmoja akavuta jamvi lake kando. Mimi nilikuwa mke mgeni, sina hata mwaka wa pili katika nyumba ile. Nilimvuta mwanangu kifuani, na aibu ile iliniuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Jioni akatoa hukumu. Mtoto apelekwe bara, huko nyuma ya Ganze, kuna bibi ajuaye kuwatoa vigego mkosi. Akae huko hadi meno ya chini yaote. Ganze yenyewe maji ni ya kufuata mbali kwa miguu, na mtoto bado anyonya!

"Shikamoo yako naitoa kila asubuhi, shangazi," nikamwambia, "lakini mwanangu haendi popote. Akitoka yeye natoka mimi."

Mume wangu alipokuja alijikuna kichwa. "Shangazi ni mzazi wangu," akasema.

"Na mimi ni nani, mpangaji?"

Maskini, alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa uji, wamwagika kila upande. Akapiga magoti kwa shangazi, akaomba, akalia. Mwisho yule mwanamke akakubali mtoto abaki kwa sharti moja. "Mzibeni mdomo," akasema. "Asicheke mbele za wageni wangu."

Na hakusema tu. Kila mtoto alipocheka penye watu, kiganja cha shangazi kilikuwa tayari, pap! juu ya mdomo. Ukumbini, barazani, hata harusini. Mwanangu akajifunza. Kabla hajajua kusema "maji", kabla hajasimama wima, alikuwa akitaka kucheka huinua mkono wake mwenyewe akajiziba. Meno ya chini yakaota, yakatimia, na mkono haukushuka. Watu wakasema, lo, mtoto ana haya huyu. Haya gani! Ulikuwa ule mkono wa shangazi uliohamia kwa mwanangu.

Hapo ndipo nilipoapa. Niliapa kwamba mtoto huyu atacheka mdomo wazi, ndani ya ukumbi ule ule, mbele ya wanawake wale wale, na shangazi akitazama. Nikaenda dukani nikanunua doti ya leso yenye maneno *Aliye juu mngoje chini*. Sikuivaa. Niliikunja nikaitia sandukuni pamoja na udi. Leso ya kumwambia mtu haivaliwi kabla ya siku yake.

Nilimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alicheka hadi akashika meza. "Mama, meno huota yanapotaka. Kazi yako ni kuyatunza." Akaniambia nimpanguse fizi na meno kwa kitambaa safi chenye maji, asubuhi na kabla ya kulala. Nisimlaze na kitu kitamu mdomoni. Akikua kidogo, mswaki mdogo, na usiku ndio muhimu zaidi, kwani mtu akilala mate hupungua na uchafu hubaki na meno peke yake. Nilisikiliza yale maneno kama mtu apewaye silaha.

Maana vita vilikuwa vimeanza. Adhuhuri moja nilitoka kisimani nikamkuta mtoto amelala juu ya mkeka wa shangazi, mdomoni ana kitambaa kilichochovywa asali. Nikakivuta. Nikamuuliza shangazi hiki nini.

"Dawa," akasema, wala hakuona haya. "Yale ya juu yakioza yatang'oka upesi, na mkosi uende nayo."

Kefule! Wallahi nilitaka kumrukia. Na haikuwa mara ya kwanza, kwa sababu nilipomtazama mtoto kwenye mwanga niliona, kwenye jino la mbele la juu, karibu na ufizi, doa la rangi ya chai. Nikamfunga mtoto mgongoni nikapanda basi hadi Kilifi kwa daktari wa meno. Akalitazama akasema ubovu haujaingia ndani. Nimwachishe utamu, nisafishe, nimrudishe alitazame tena. Lile doa halikupanuka. Jino lilikaa pale hadi lilipotoka lenyewe kwa wakati wake.

Tangu siku ile mwanangu hakuachwa na shangazi hata nikienda chooni. Na usiku nilikaa naye chini ya taa, nikampakata kichwa mapajani, nikasugua. Mbele, nyuma, juu ya magego, taratibu pale ufizi unapokutana na jino. Akilia nasugua. Akichoka nasugua. Shangazi akipita akiguna, nasugua mara mbili. Alipokua nikamfunza mswaki wa mti pia, namna ya kuutafuna ncha mpaka uwe laini usichubue ufizi. Halua alikula, mimi si mtu wa kumnyima mtoto halua, lakini alikula pamoja na chakula, na baadaye alisukutua. Jirani mmoja akaniambia, "Shoga, wamtesa mtoto kwa mswaki." Nikamwambia, "Simtesi yeye."

Alipofika umri wa kwenda skuli meno ya utoto yakaanza kutoka. Ya chini ndiyo yaliyotangulia kutoka, na ya chini ndiyo yaliyotangulia kuota upya. Nilimwita shangazi kwa sauti ya heshima kabisa. "Shangazi, njoo utazame! Haya ya ukubwani yameanza chini." Akatazama, akatema tambuu ndani ya kopo, akasema, "Kigego ni kigego." Mwanangu alikuwa amesimama pale. Akainua mkono akajiziba.

Sasa nikwambie habari ya tambuu. Shangazi alitafuna tangu kumaliza sala ya alfajiri hadi kulala, jani, popoo, chokaa na tumbaku, na huku nyuma ya meno yake ya chini ukoga ulikuwa umeganda, mgumu, mweusi, kama chokaa ya ukutani. Akipiga mswaki alisugua kwa mbele tu, pale paonekanapo na watu. Fizi zake zilitoka damu. Asubuhi mto wake ulikuwa na madoa. Nilimwambia mara moja. Sikumwambia kwa mapenzi, nilimwambia ili Mungu asikie kwamba nimesema.

"Shangazi, nenda kwa daktari akakwangue huo ukoga. Fizi zako zaondoka."

Akanitazama kutoka kichwani hadi vidoleni. "Meno yangu mimi yalianza chini," akasema. "Kama ya watu. Meno yangu ya chini hayana mkosi, hayawezi kunitoka. Kamkwangue binti yako."

Basi. Nikafunga mdomo wangu. Nikawa nakaa mkabala naye kila siku wakati wa chakula nikimtazama. Kwanza akaacha miwa. Halafu akaacha nyama ya mbuzi. Halafu mkate wa mofa akawa auloweka kwenye mchuzi mpaka uwe uji. Nilikuwa nikikaanga pweza mkavu namtafuna mbele yake polepole, na raha niliyoisikia, Mungu anajua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwaka mmoja, mfungo wa Ramadhani umekwisha, taya lake likavimba. Alijaribu mafuta ya karafuu, alikunywa makombe ya aya za Kurani, alisomewa. Usiku alikuwa akilia. Mume wangu akasema atamtafutia mtu wa kumpeleka Kilifi. Nikasema, "Hapana, nitampeleka mimi."

Daktari alikuwa yule yule. Akafungua kile kinywa, akagusa jino la chini kwa kifaa chake na jino likayumba. Akagusa la pili, likayumba. Akasema ukoga umeula ufizi hata mfupa umeshuka, na pale mbele ndipo hujikusanya zaidi. Ya juu atayakwangua, yatakaa. Ya chini hayana pa kushika.

"Yote?" shangazi akauliza.

"Yote, mama."

"Ya chini?"

"Ya chini."

Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika mkoba wake. Yalitoka kwa safari kadhaa, kwa ganzi na koleo. Daktari aliniambia nimshike mkono, nikamshika, na alinibana mpaka pete ikanichoma. Sikumwonea huruma. Kwenye kile kibakuli meno yalikuwa yakilia ting, na kila ting niliiweka moyoni.

Baada ya hapo nilimuuguza kama mama yangu mzazi. Siku ya kung'olewa auma pamba, asisukutue. Siku ya pili maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mara kwa mara. Uji usio moto. Tambuu hapana, lile kopo nililitupa mimi mwenyewe. Watu wakanisifu, wakasema mke huyu ana dini. Kumbe nilitaka apone upesi apokee wageni.

Wakaja. Wale wale wa siku ile, wamezeeka kidogo, pamoja na mchele wao na kofia zao. Shangazi alikaa kitako ukumbini amejifunika mdomo kwa ukaya. Meno ya bandia yalikuwa bado, fizi hazijakauka. Mwenzake mmoja akamfariji, "Hata yakija, jino la pembe si dawa ya pengo, dada, lakini utakula." Mimi nikaingia chumbani, nikafungua sanduku. Leso ilikuwa bado inanukia udi. Nikajifunga moja kiunoni, moja begani, nikatoka na sinia la kahawa.

Wanawake wakaisoma, wakatazamana, wakainamisha vichwa kwenye mchele. Shangazi alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za skuli hakuzijua. Akaona vile vichwa vimeinama. Akamwita binti yangu, aliyekuwa ametoka skuli na mkoba bado begani.

"Njoo hapa wewe. Hiyo leso ya mamako yasemaje?" Sauti ilipita penye fizi, ikatoka na upepo.

Mtoto akasimama wima kama asomaye mbele ya mwalimu. "Aliye juu mngoje chini, bibi."

Shangazi akataka kunijibu. Ule ukaya ukateleza, na kinywa kikabaki wazi mbele ya watu wote: juu meno, chini hakuna hata moja. Yule aliyevuta jamvi lake siku ile akasema taratibu, bila ya kujijua, "Subhanallah. Ya juu tupu."

Mwanangu akaona, na kicheko kikampanda, na mkono nao ukapanda. Nikaweka sinia chini. Nikaushika ule mkono kabla haujafika, nikaushusha, nikaushikilia.

"Cheka, mwanangu," nikamwambia. "Kigego humu ndani si wewe."

Akanitazama mimi kwanza, kisha bibi yake. Akacheka, mdomo wote wazi, meno yote nje, ya juu na ya chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na shangazi akainua kiganja chake akajiziba mdomo.