Uso wa Kukutana Nao Asubuhi

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, watu wazima walikuwa wakiningoja barabarani. Msinicheke. Kwetu mtu akianza safari huangalia anayekutana naye kwanza. Akikutana na mwenye kisirani, au mwanamke aliyebeba chungu kitupu, anarudi nyumbani na kutua mzigo, hata kama ana kesi bomani. Akikutana na mwenye uso mwema, anakwenda bila wasiwasi. Mimi nilisemekana nina uso mwema.

Ilianza na baba yangu mdogo, Marwa. Alikutana nami nikitoka mtoni na kibuyu cha maji, siku aliyokwenda kumtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Akampata kabla jua halijapanda, na ndama yuko naye. Basi, hiyo ikatosha. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kijiji chetu aliyesafiri kabla sijapita mbele yake na kibuyu kilichojaa.

Mji wa baba ulikuwa kando ya barabara ya Tarime na Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Mugumu. Miaka hiyo ya hamsini barabara yenyewe ilikuwa udongo mtupu, kiangazi vumbi, masika tope la kumeza gurudumu. Lori tulilolijua lilikuwa moja, la mwenye duka wa Tarime. Lilipita mara moja kwa wiki kwenda Mugumu na chumvi na nguo, kesho yake likarudi na ngozi. Dereva wake, Mjaluo mcheshi aliyeitwa Odera, alizicheka mila zetu mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili lori likazama mara tatu, akaacha kucheka. Akawa anapiga honi mbele ya mji wetu, nami navuka barabara na kibuyu changu, kulia kwenda kushoto. "Nyota njema huonekana asubuhi," anasema, kisha ananirushia kipande cha sukari guru. Niliringa, siwafichi.

Mwaka mmoja mama alikuwa mjamzito. Miguu ikamvimba, kisha uso, kisha akaanza kusema anaona giza mchana. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyewazalisha wanawake wote wa pale. Alimwangalia siku mbili, siku ya tatu akamwambia baba, "Huyu amenishinda. Mpeleke Tarime, hospitali." Lori lilikuwa Mugumu, lingerudi kesho yake.

Neno hospitali lilinitia hofu. Jirani yetu Gati alipandishwa lori hilohilo akiwa mgonjwa, akarudishwa amefunikwa shuka. Nikawaza kwa akili yangu ya miaka saba. Hakuna mtu anayeondoka bila kukutana nami. Nikijificha, mama hataondoka.

Asubuhi nilipomwona baba anampelekea mama kigoda barabarani, nilipanda kwenye ghala la ulezi, nikainua paa lake la nyasi, nikajitumbukiza ndani na kujifunika. Nikasikia honi. Nikasikia naitwa, "Nyangi! Nyangi!", mara baba, mara Marwa, mara bibi. Ulezi uliniingia masikioni na kwenye nywele. Sikuitika.

Kisha ikaja sauti ya Odera. "Mama, panda twende. Milimani kunanyesha, mto ukijaa hatuvuki."

"Siondoki sijamwona Nyangi," mama akasema.

"Utamwona ukirudi." Huyo alikuwa baba.

"Nimesema siondoki."

Walibishana. Baba alitaka kumbeba kwa nguvu, bibi akamzuia, akasema mtu hatolewi nyumbani na kisirani. Odera alingoja, Mungu amlipe kwa hilo, alingoja mpaka zile ngozi zikaanza kunuka juani. Mwishowe akawasha injini. Nilisikiliza hadi mlio ukapotelea kwenye kona ya mtoni, nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwamba nilifurahi.

Niliposhuka, mama alikuwa bado kwenye kigoda. Hakunigombeza. "Ulikuwa wapi, mwanangu?" Akanivuta karibu, akaanza kunitoa punje za ulezi kwenye nywele, moja moja, kwa vidole vilivyovimba. Bibi alikuwa amesimama pale. Aliziangalia zile punje, akaliangalia ghala.

Jioni ile mto ulijaa. Mama alifariki siku ya tatu, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni, na lori bado limekwama upande wa Tarime. Baada ya mazishi bibi alinishika bega, akaniambia, "Baba yako asijue." Hakusema zaidi maisha yake yote, na baba alikufa hajui. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi yangu hayakungoja nipate hata mume.

Na wasafiri, mnadhani waliacha? Walizidi. "Mnaona, mama wa watu hakukutana na Nyangi." Kifo cha mama kilikuwa kimegeuka ushahidi. Wakaja hata wa vijiji vya mbali, nami nikavuka barabara na kibuyu changu, kulia kwenda kushoto, moyo umekufa, mpaka nilipoolewa. Sukari guru ya Odera sikuila tena. Niliifukia nyuma ya ghala.

Miaka mingi niliilaumu mila. Nilisema mama aliuawa na kisirani cha wazee, na maneno hayo yalinisaidia kulala. Kisha nikapata mimba yangu ya pili, nikaugua, mume wangu akaleta gari la kunipeleka Tarime. Binti yetu wa kwanza, wa miaka minne, alikuwa amefuatana na mama mkwe kisimani. Nikamwambia dereva angoje. Mume wangu, mtu wa kanisa, akakasirika. "Kumbe na wewe bado unaamini mambo ya nyuso?"

Sikuwa naamini. Nilitaka tu kumwona mtoto wangu kabla sijaondoka. Alipotokea na kikopo chake, maji yamemlowesha gauni lote, nilimtazama, nikamfuta pua, nikapanda.

Tulipofika mtoni nilianza kulia, mume wangu akadhani ni uchungu. Mama hakuwa akingoja bahati pale kwenye kigoda. Alikuwa akiningoja mimi, nami nilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, namsikia.