Matuta ya Pwani Yanayouzwa Ihumwa

Saa mbili asubuhi. Evelina Chilongani anapangusa picha iliyo kubwa kuliko zote bandani kwake Ihumwa, pembeni ya reli.

"Kwa picha za matuta ya mchanga wa pwani, Dodoma nzima hakuna wa kunifikia," anatamba, kisha anajicheka. "Tena niko peke yangu. Bahari iko mbali, nani ahangaike?"

Leo kicheko hakidumu. Zahida, mwenye nyumba ya wageni Chimwaga, anataka picha za kutundika katika vyumba vyote vinane. Anamleta baba yake, Mzee Kabir, azikague kwanza, maana mzee amekulia Pangani. Na picha aliyoipenda Zahida ndiyo hii inayopanguswa, ambayo tuta lake halijawahi kupigwa na upepo wa bahari.

Evelina, 61, aliishia darasa la saba. Alikuwa akipiga picha za harusi na kipaimara mpaka simu zikamnyang'anya wateja.

"Kila mtu akawa mpiga picha. Nikasema niwauzie wasichokuwa nacho mfukoni."

Watumishi waliohamia kutoka pwani hununua kwake kwa Sh80,000 kila moja, picha tatu au nne kwa mwezi. Mara mbili amekwenda Pangani. Mwaka jana lenzi iliharibika, matengenezo yakala nauli yote, akapanda bodaboda hadi kwenye korongo la mchanga, mto uliokauka, nje ya Bahi. Akalala kifudifudi, akalipiga tuta hili la kwenye picha kubwa jua likizama.

Oda hii ikipita, Julai anakwenda Pangani mwezi mzima kupiga matuta ya kweli. Isipopita, sifa ya utapeli itatangulia kila aendako.

Gari linasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Iko wapi Pangani yangu?"

Mzee Kabir anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa picha.

"Baba, ndiyo yenyewe?" anauliza Zahida.

Kidole cha mzee kinatua upande wa kulia. "Hapa! Hapa chini ya tuta, kiangazi, tulikuwa tunafukua mchanga kwa mikono. Maji yanatoka matamu, we acha! Mbuzi wanatusukuma, na sisi tunawasukuma."

Palepale ndipo Evelina alipofukua mchanga akanywa maji siku ile kule Bahi.

"Baba," Zahida anasema polepole, "Pangani hiyo, kando ya bahari, mlikuwa mnagombea maji na mbuzi? Si ulituambia ulikuwa ukishinda baharini unaogelea?"

"Mwaka ule... mvua zilikuwa nyingi."

"Umesema kiangazi."

Mzee anamgeukia Evelina, kama mtu anayetafuta shahidi. Evelina ameinama chini ya meza, anatafuta kifuniko cha kamera.

Kifuniko kiko mkononi mwake.