Kijiko cha Jumamosi

"Rudia," mkewe alisema kutoka kitandani, "na safari hii usinipake asali mwishoni."

"Asali gani, mama? Huo ni ufufuo! Mhubiri gani anawaacha watu kaburini halafu anakwenda zake kula?"

"Nani kakwambia uende kula? Kaa nao humo humo."

Fundi magodoro alifunga Maandiko kwa kishindo, nyuzi za pamba zikaruka kutoka mikononi mwake. Siku za kazi alishona magodoro, Jumapili alihubiri. Magodoro yake yalikuwa laini kupita kiasi: bwana harusi mmoja alijilaza juu ya moja kupumzika kidogo, akaamka bibi harusi ameshapata wajukuu. Tatizo ni kwamba zamani hata mahubiri yake yalikuwa ya kulalia. Waumini walikoroma hata mabati ya paa yakawa yanapanda na kushuka.

Ndipo mkewe akashika kijiko. Kila Jumamosi, akishafunga karakana, mume alisimama miguuni pa kitanda na kumhubiria yeye peke yake mahubiri ya kesho. Alipojisifu, ko! Alipolitia Neno maneno yasiyokuwamo, ko! kwenye chuma cha kitanda. Kijiko kililika mpaka kikabaki saizi ya kulishia sisimizi. Lakini mbele za watu hakumgongea hata siku moja. Chumbani alimvua nguo, kanisani alimvika.

Sasa uvimbe ulikuwa unamla mke tumboni. Daktari alikwisha kumrudisha nyumbani. Waumini waliingia na maombi, wakatoka na minong'ono: angekuwa na imani, si angeshapona? Dirisha halikuwa na kioo. Yote aliyasikia.

"Kesho soma ile zaburi inayoanza kwa kilio na kuishia gizani," alisema. "Giza ndilo linaloifunga, wala si mimi niliyeliweka. Nataka wasikie kwamba aliyelia vile hakuna aliyemfuta kwenye Maandiko eti hana imani."

"Nitaisoma. Lakini wazee wa imani walitufundisha kila andiko tulisome kwa nuru ya kaburi tupu. Walisema sauti ile ni ya Bwana mwenyewe, akishuka kuzimu."

"Haya, basi mwache ashuke! Wewe hata nafasi ya kufa humpi. Ijumaa anakata roho, na wewe umeshamfufua kabla hajapoa. Jumamosi yake iko wapi?" Alitafuta pumzi. "Mimi niko Jumamosi, mzee wangu. Nikifa bila kuisikia ikihubiriwa, nitakufa kama mtu aliyefukuzwa kwao."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Magoti yake yalikuwa na sugu za maombi, ngamia angeyaonea wivu.

"Unajua kwa nini nang'ang'ania mwisho mzuri? Nikiishia gizani, sina cha kunitoa. Nimeomba mpaka sauti imekauka, huko juu kimya. Nikinyamaza pale madhabahuni, watu watajua sina kitu."

"Mimi najua siku nyingi. Kwani nani anayekusikia ukilia ndani ya marobota ya pamba?" Akamsukuma kidogo kwa goti. "Simama. Hubiri."

Akasimama, akahubiri. Alimleta yule mtu wa zaburi, aliyeachwa na rafiki zake, akamleta Bwana kando yake, amelala shimoni, jiwe mlangoni. Akafika mwisho.

"Lakini, wapendwa..."

Ko!

"Hata hivyo..."

Ko!

"Ila tu..."

"Hiyo nayo ni lakini, umeivalisha kofia tu." Ko!

Wakacheka wote wawili, mpaka kicheko kikamchoma mke tumboni akakikata katikati, akauma shuka. Mume alingoja. Maumivu yalipolegea, akarudia yale maneno ya mwisho, akaishia pale pale kwenye giza, mikono inaning'inia. Kijiko hakikulia. Hakuna faraja iliyoingia chumbani. Machozi yalimtiririka mhubiri hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Hapo hapo," mkewe alinong'ona. "Kesho simama hapo hapo. Niahidi, maana sitakuwepo hata kukukazia macho."

"Mama, mimi nita..."

Mlango ulisukumwa bila hodi. Mzee wa kanisa aliingia, tabasamu limetangulia tumbo.

"Bwana asifiwe! Mama, bado tu umelala? Inuka kwa imani! Mhubiri, kwaya wanauliza somo la kesho. Wanataka wimbo wa kuchangamka, watu wamechoka na huzuni."

Fundi magodoro alimgeukia mkewe. Mbele ya mgeni, kijiko kilikuwa kimeshafichwa chini ya blanketi.